Barua ya wazi kwa wenye rejista za sanaa: "hajulikani" au "hakuulizwa"?

Kwa wakurugenzi wa makumbusho na nyumba za sanaa, wakuu wa vyuo vya sanaa, majaji wa tuzo na ruzuku, na maofisa utamaduni wa Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Fungueni droo yoyote ya kadi za zamani stoo, mtoe kadi ya chungu. Mtakuta maandishi ya namna hii: "Chungu cha kupikia. Udongo mwekundu. Kimo sm 24, mdomo sm 19. Kilikusanywa na Bw. Fulani, Afisa wa Wilaya, 1936." Chungu kimepimwa mpaka mdomo. Aliyekichukua katajwa kwa jina na cheo. Aliyechimba udongo, akauchambua mawe, akaukanda, akaufinyanga, akakianika kivulini na kukichoma, hayumo hata kwa neno moja. Na kwa sehemu kubwa ya nchi zetu, aliyefanya hayo yote alikuwa mwanamke.

Barua hii inahusu kadi hiyo. Sisi tunaoiandika kazi yetu ni rejista, lebo na stoo. Tunawaandikia nyinyi wenye sahihi ya mwisho kwa sababu tunayoyataka hayahitaji semina wala kaulimbiu. Yanahitaji safu chache ziongezwe kwenye fomu, na mtu mwenye mamlaka atamke kwamba fomu isiyojazwa haipokelewi.

Tuanze na mfano wa karibu. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wana mgawanyo wa kazi unaojulikana: mwanamume huchonga mti, mwanamke hufinyanga udongo. Miaka ya 1950 palikuwa na mfanyabiashara Dar es Salaam, Mohamed Peera, aliyenunua vinyago na kuwajua wachongaji wake. Ndiyo maana leo, tukizungumzia mwanzo wa mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mizimu, tunaweza kumtaja Samaki Likankoa. Jina lake lilibaki kwa kuwa dukani kulikuwa na mtu aliyeliuliza. Vyungu vya wanawake wa nyumba zile zile vilikwenda sokoni na jikoni, wala hakuna aliyewafuata na daftari. Reinata Sadimba, Mmakonde wa Msumbiji aliyezaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, alipoanza kuutoa udongo kwenye umbo la chungu na kuupa nyuso, mimba na watoto, ilikuwa rahisi kumsifu kama mtu aliyezuka tu. Aliishi Tanzania miaka ya 1980 kabla ya kurudi kwao, na alikuwa na msururu mrefu wa wafinyanzi nyuma yake. Kwa kuwa hawakuandikwa, msururu huo hauonekani, na msanii mwenyewe anasomwa nusu.

Siti binti Saad naye. Kabla jina lake halijavuka bahari na kuingia kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928, alikuwa akitoka Fumba kuja mjini Unguja kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake. Sauti ya binti ina jina na tarehe. Vyungu vya mama, vilivyomlea binti huyo, hata kama kimoja kimebaki kwenye kabati fulani la makumbusho, hakuna njia ya kukitambua.

Kwenye kanga mambo yanachekesha kidogo. Pindoni mwa kanga nyingi zilizotoka Mombasa pamechapwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Ni alama halali ya biashara, ya Kaderdina Hajee Essak, na hatuna ugomvi nayo. Lakini yale maneno yaliyo chini ya mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, ambayo watumiaji wenyewe huyaita jina la kanga, uhai wake ulikuwa mikononi mwa wanawake: waliyachagua, waliyarushiana, na yasipowakolea kanga ililala dukani. Kadi inayomtaja mwenye alama peke yake imeandika pindo na kuacha mji.

Mnaweza kusema hii ni aibu ya wakoloni, tuwaachie wenyewe. Ni kweli kwamba namna ya kuandika tuliirithi. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, ya Nairobi 1910, na ya Dar es Salaam yalifunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Fomu zilikuja na waliofungua milango. Kwa hiyo inafaa tujue kwao mlango wenyewe ulifungwaje, kwa sababu kufuli ni lile lile.

Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilianzishwa mwaka 1768 na waasisi 34, wawili kati yao wanawake: Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye mchoraji Johan Zoffany aliwachora waasisi wakiwa wamemzunguka modeli wa kiume aliye uchi. Wanaume wamesimama, wamekaa, wanazungumza. Kauffman na Moser wametundikwa ukutani kama picha mbili, kwa kuwa haikuonekana heshima mwanamke awe ndani ya chumba kile. Baada yao hakuna mwanamke mwingine aliyepewa uanachama kamili mpaka Laura Knight, mwaka 1936. Ni miaka 168.

Adabu ilikuwa kisingizio, hasara ilikuwa ya kikazi. Mpangilio wa viwango wa wakati ule uliweka picha za historia na dini juu ya kila aina nyingine ya uchoraji, na picha hizo zimejaa miili ya watu. Usipojifunza kuchora mwili, huziwezi. Usipoziweza, medali hupati. Bila medali huitwi kufanya kazi kubwa ya kanisa au ya serikali, na bila kazi kubwa mwandishi wa historia hana la kukuandikia. Mwanamke alibakishwa na maua, matunda na sura za watoto, kisha akaambiwa wanawake wana kipaji cha vitu vidogo vidogo. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho waliruhusiwa kuchora modeli, tena aliyefunikwa sehemu, mwaka 1893. Shule kuu ya sanaa ya Paris ilisubiri hadi 1897 kuwapokea wanawake. Haya ni ya juzi tu. Wapo waliozaliwa kabla ya hapo waliofika kuiona redio.

Mwanafunzi wa kwanza wa kike aliingia pale London mwaka 1860 kwa njia ambayo majaji wa tuzo tungependa waikumbuke. Laura Herford alipeleka michoro yake akiwa ameandika "L. Herford" tu. Michoro ikapita. Barua ya kumkubali ilipotoka ndipo ikajulikana kwamba L ni Laura, na kanuni zilipopekuliwa haikuonekana inayomkataza. Mkono ulikuwa ule ule kabla na baada ya kujulikana.

Ujerumani ilikuwapo shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyofunguliwa 1919 kwa ahadi ya usawa, kisha wanawake wengi wakaelekezwa karakana ya kufuma. Mmoja wao, Anni Albers, alitaka karakana ya kioo akapewa kitanda cha kufumia. Aliufuma uzi mpaka mwaka 1949 akawa msanii wa nguo wa kwanza kufanyiwa maonyesho ya peke yake katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Tunamtaja kwa sababu ya desturi iliyoota mizizi hapa kwetu: mti ukichongwa huitwa sanaa na kupelekwa ukumbi wa sanaa, uzi na ukili na udongo huitwa kazi za mikono na kupelekwa kibanda cha zawadi. Hakuna mchongaji anayechonga kwa miguu.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Judith Leyster, mchoraji wa Haarlem, Uholanzi, aliyezaliwa 1609. Mwaka 1633 alikuwa tayari mwanachama wa chama cha wachoraji wa mji wake, na sahihi yake ilikuwa herufi J na L zilizoshikana, pamoja na nyota, kwa kuwa jina lake lina maana ya nyota iongozayo. Aliolewa na mchoraji mwenzake, Jan Miense Molenaer. Alikufa 1660, na mume alipofuata, waliokuja kuorodhesha mali ya nyumba waliandika baadhi ya picha kuwa ni za "mke wa marehemu". Basi. Jina lilikatikia hapo, kwa kalamu ya karani aliyekuwa akitimiza wajibu wake bila nia mbaya yoyote. Kwa zaidi ya karne mbili kazi zake ziliuzwa kama za Frans Hals, bingwa wa uchoraji wa mji huo huo, au za mumewe. Mwaka 1893 wafanyabiashara wa London walifikishana mahakamani juu ya picha iliyouzwa kama ya Hals. Ilipochunguzwa, ikakutwa na herufi na nyota. Mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot akaitangaza kuwa ya Leyster pamoja na nyingine sita. Kilichokuwa kikigombewa ni fedha: aliyenunua alidai kapunjwa. Picha ni ile ile, rangi ni ile ile, na hadi jana yake ilisifiwa kuwa ni ya bingwa.

"Mke wa marehemu" ni ndugu wa damu wa "Mama Juma". Hapo ndipo tunapoanza kazi, kwa safu ya kwanza, ya jina.

Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto, na ni heshima. Lakini kwenye rejista "Mama Juma" si jina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mama Juma watatu, na mmoja wao akihamia kwa mtoto mwingine ataitwa Mama Rehema. Andikeni majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, halafu jina la ukoo wake mwenyewe kabla ya ndoa, halafu hilo la heshima, kila moja kwenye kisanduku chake. Ongezeni kijiji alikojifunzia kazi mbali na kijiji anakoishi, kwa sababu mfinyanzi huolewa na mtindo wake ukahama naye. Ulizeni alifundishwa na nani. Swali hilo moja, likiulizwa kwa watu kumi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Matema na Ikombe ambako wanawake wa Kikisi ndio wafinyanzi, litawapa vizazi viwili vya majina kwa asubuhi moja.

Safu ya pili tunayoiomba ni ya mgawanyo wa kazi. Chukueni mkeka wa ukindu. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yapauke, hupasuliwa chane za upana mmoja, zinazotakiwa rangi huchemshwa nayo, ndipo ukili husukwa: utepe mwembamba, mrefu, unaoviringwa kadiri unavyokua. Mwisho ukili hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano ya kushonea mikeka, hadi mkeka utimie. Anayepasua chane anaweza kuwa mtu mmoja, anayetia rangi mwingine, na anayeshona wa tatu. Kadi ikisema "Mkeka. Majani." haijasema kitu. Inatakiwa iseme ukili una upana gani, una chane ngapi, zimeshonwa kili ngapi, mapambo yametoka kwenye msuko au kwenye rangi, na nani alifanya lipi. Undani huu una faida nyingine: ndio utakaomwezesha mtu wa baadaye kuutambua mkono wa msukaji kwenye mkeka usio na kadi. Pa kukosea panajulikana. Mikeka ikiletwa na kikundi, huandikwa jina la kikundi, au baya zaidi jina la mwenyekiti, ambaye mara nyingi ni mwanamume aliyekodi gari. Kikundi kiandikwe kwenye kisanduku cha muuzaji.

Safu ya tatu ni ya ushahidi, na hii ndiyo tunayoipigia magoti. Lebo zetu zimezoea kuandika "Msanii hajulikani". Neno hili linafunika hali nne zisizofanana. Kuna ambaye kweli alitafutwa akakosekana. Kuna anayedhaniwa, kwa sababu fulani inayoweza kuandikwa. Kuna aliyeomba asitajwe, na wapo, kwa sababu za dini, za ukoo au za kodi, na ombi lao liheshimiwe. Na kuna yule ambaye hakuna aliyemuuliza. Tunapendekeza maneno manne tofauti: "hakupatikana", "anadhaniwa", "ameomba asitajwe", "hakuulizwa". Mkipanga kadi zenu hivyo, hali ya nne ndiyo itakayojaza meza. Mgeni akisoma "hakuulizwa" chini ya mtungi mzuri atajua kosa ni la nani, na sisi tunaona ni sawa ajue.

Majina yaliyopotea mengine yanarudishika, hasa ya kazi za miaka ya 1960 kuja huku, ambazo waliozifanya au mabinti zao bado wapo. Utaratibu unaofaa ni huu. Kila chungu kipigwe picha nne: mdomo, kitako, pambo kwa karibu, na ndani, ambako alama za vidole huonyesha mkono ulipita ukielekea upande gani. Wekeni rula ndani ya picha. Zichapeni kwenye karatasi kubwa ya rangi, ukubwa wa A4. Macho ya mtu wa miaka 80 hayasomi skrini ya simu juani. Nendeni na kumbukumbu ya mahali chungu kilipochukuliwa, siku ya gulio. Msiulize "Hiki si cha Bi Fulani?" maana mgeni hujibiwa anachotaka kusikia. Ulizeni "Huu mkono wa nani?" kisha nyamazeni. Katikati ya picha chomekeni mbili tatu za vyungu vya mkoa mwingine kabisa. Anayevipa navyo majina ya jirani zake, ushahidi wake upokeeni kwa tahadhari. Wawili wakisema jina moja bila kusikilizana, andikeni "anadhaniwa", majina ya walioshuhudia na tarehe. Msiandike zaidi ya hapo mpaka kipatikane kitu cha kulinganisha: chungu ambacho familia yake inacho na historia yake inajulikana.

Jihadharini na jina moja kubwa. Mwanamke mmoja wa eneo akijulikana, kila chungu kizuri huanza kuwa chake. Nchini Nigeria, mfinyanzi Ladi Kwali alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, akapata sifa anazostahili hadi kuwekwa nyuma ya noti ya naira 20. Lakini pale walikuwapo pia Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa, na si wengi wanaowataja. Ni kwa sababu kituo kile kilikuwa na majina ndipo tunaweza kufuata uzi mpaka Nairobi: Magdalene Odundo, mzaliwa wa huko mwaka 1950, alipita Abuja katikati ya miaka ya 1970, akajifunza kuinua chungu kwa mkono bila gurudumu, na vyungu vyake vyekundu na vyeusi vilivyosuguliwa vikang'aa bado vinaundwa hivyo.

Sasa fedha. Kuna njia ambayo jina la mwanamke hupotea leo, mchana kweupe, na haimo kwenye kitabu chochote. Msukaji anauza kazi kwa taasisi. Malipo yanatumwa kwa simu. Laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mume au la kijana wake. Risiti inatoka na jina hilo, mhasibu ananakili jina hilo kwenye hati ya malipo, na rejista inajazwa kutoka kwenye hati ya malipo. Mwaka mmoja baadaye mkeka una "msanii" aliyewahi kuukanyaga tu. Dawa yake ni nyepesi: fomu ya usajili ijazwe na kusainiwa au kuwekewa dole gumba mbele ya kitu chenyewe, kabla ya malipo, na hati ya malipo iwe na mistari miwili, "aliyetengeneza" na "aliyepokea fedha". Mkaguzi wa hesabu hatakataa. Tena atafurahi.

Namba ya usajili nayo ina namna yake. Kwenye chungu, pakeni tabaka jembamba la vanishi inayoondoleka, kama Paraloid B-72, chini ya kitako, andikeni juu yake kwa wino mweusi, kisha tabaka jingine juu. Kwenye mkeka, kikapu au kanga msiandike kitu. Shoneni kipande cha utepe wa pamba kilichoandikwa. Wafinyanzi wanaotaka kutia alama yao wenyewe waelezwe kwamba hutiwa udongo ukiwa umekauka nusu, haubonyei kwa kidole lakini unakubali kukwaruzwa. Mkwaruzo uwe mwepesi, kwa sababu uliozama huanzia ufa motoni.

Stoo ina upendeleo wake ambao hakuna aliyeupigia kura. Shaba na mpingo huvumilia. Ukili, uzi, karatasi na udongo uliochomwa kwa nyasi haviwezi, na hivyo ndivyo vifaa ambavyo wanawake wa kwetu wamefanyia kazi zaidi. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kuhitimu shule ya sanaa ya Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuja kuunda picha zake kwa vipande vya vifungashio vya sabuni na unga. Karatasi ya namna hiyo ina asidi. Ikiachwa ukutani penye mwanga mkali hugeuka njano na kukatika kama mkate mkavu. Mkiiweka kwenye masharti ya turubai la mafuta, mmeamua iishe. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) kwa karatasi na nguo, na isikae ukutani mwaka mzima. Kitabu kinasema unyevu uwe asilimia 45 hadi 55. Tanga au Lamu hilo ni ndoto, basi usizidi 65, na zaidi ya yote usipande na kushuka, maana ukungu huanza juu ya hapo na nyufa huanza kwenye kupanda na kushuka. Kanga na mikeka iviringwe kwenye bomba lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Ikikunjwa hukatikia kwenye mkunjo. Kikapu kipya kabla hakijaingia stoo kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha kiachwe kipate joto la chumba ndani ya mfuko huo huo, la sivyo kinaloa jasho. Friza ya duka inatosha. Tumeona bajeti zenye pesa ya taa za ukumbini zikikosa ya friza.

Kwa majaji na waandaaji wa tuzo. Tangazo likisema "umri miaka 18 hadi 35, shahada au stashahada ya sanaa, rangi za mafuta, akriliki, mbao au chuma", limekwisha kuchagua mshindi wake kabla sanduku halijafunguliwa. Mfinyanzi huiva akiwa na miaka 50, watoto wamekua. Ondoeni umri, cheti kiwe hiari, malighafi iwe yoyote. Kazi zipewe namba za kuchanganya, siyo za mfuatano wa kufika, orodha ibaki kwa katibu, na sahihi zifunikwe kwa utepe wa karatasi. Hatudanganyiki: katika mji mdogo majaji hujua mkono wa kila mtu, kwa hiyo jaji mmoja atoke mbali, na mmoja awe mtu anayejua kuchoma udongo au kushona ukili. Nauli ilipwe kabla ya safari. Utaratibu wa "njoo na risiti utarejeshewa" unamwacha nyumbani asiye na akiba, na mwenye mtoto wa kunyonya asipotengewa chumba na mlezi, mwaliko wenu ni wa maandishi tu.

Maonyesho ya Machi 8 yaendelee, hatuyapingi. Tatizo ni pale wanawake 30 wanapotundikwa wiki moja ya Machi, ripoti ikasema mwaka huu tumeonyesha wanawake 30, na wiki 51 zilizobaki kuta zikarudi kwa wenyewe. Mwaka 1989 Guerrilla Girls, kundi la wasanii wanawake wanaharakati, lilitembea ndani ya kumbi za sanaa za kisasa za Makumbusho ya Metropolitan, New York, likahesabu: wasanii wanawake chini ya asilimia 5, picha za uchi zenye wanawake asilimia 85. Silaha yao ilikuwa kuhesabu. Nanyi hesabuni mambo manne kila mwaka, kwa wanawake na wanaume: vitu vilivyonunuliwa, shilingi zilizolipwa, siku za ukutani, na kurasa kwenye vitabu vya maonyesho. Idadi ya vichwa peke yake huficha. Vyungu hamsini vinaweza kununuliwa kwa bei ya kinyago kimoja.

Tunachoomba kwa mwaka huu wa fedha ni droo moja kwa kila taasisi. Ofisa mmoja, kadi 50 za vyungu, mikeka na nguo, miezi mitatu, siku mbili kwa wiki. Kadi ya zamani isifutwe wala kuchanwa. Iambatanishwe nyuma ya mpya, kwa kuwa nayo ni ushahidi wa jinsi tulivyoandika. Ofisa huyo awe na nauli ya kwenda magulioni mara mbili, karatasi za picha, penseli laini, utepe wa pamba na kichupa kimoja cha vanishi. Mwishoni lebo za ukumbini zibadilishwe siku hiyo hiyo kadi inapobadilishwa, maana tunajua namna marekebisho yanavyoweza kulala kwenye kompyuta huku ukutani pakisoma yale ya 1936.

Fomu yenye safu mpya tumekwisha iandaa, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Tuelezeni ni dawati gani tuilete.

Wenu katika kazi,

Watunza rejista, stoo na lebo